Fundi Konde: Msee wa Kilifi Aliyeenda Vitani na Muziki, Akarudi Kuangusha Ngoma Ambazo Bado Zinagonga

Kama wewe ni wa kuskiza muziki wa Pwani, kuna ngoma moja lazima umeisikia, hata kama hujui ni ya nani. Inaitwa Tausi. Pengine uliisikia kwa harusi ya binamu yako kule Watamu, bendi ikipiga taratibu na wazee wakiamka kwa viti mmoja mmoja. Au ulikuwa ndani ya matatu ya Malindi na dere ameamua leo si siku ya arbantone, leo ni zilipendwa. Uliitikia kwa kichwa na mambo yakaendelea.

Sasa tulia kidogo, tukuambie kuhusu msee aliye nyuma ya hiyo ngoma. Anaitwa Fundi Konde. Alizaliwa Kilifi mwaka wa 1924 na akaaga dunia mwaka wa 2000. Katikati ya hiyo miaka kuna vita vya dunia, meli, msitu wenye malaria, gitaa la umeme, santuri zilizovuma Afrika Mashariki nzima, halafu kimya kirefu sana. Na kuna swali ambalo wewe unayerekodi kwa bedsitter yako Mtwapa ama Mnarani unafaa kujiuliza leo leo: ukishatoa ngoma, ni nani anabaki nayo?

MTOTO WA MIKOKO NA MINAZI? HAPANA, WA BARA KIDOGO

Tunaposema Kilifi, wengi wenu mnawaza beach, boti na zile party za mwisho wa mwaka chini ya mibuyu. Konde hakutoka upande huo. Yeye ni wa Mwabayanyundo, ndani ndani kule kwa ardhi ya Wagiriama, mbali na upepo wa bahari. Huko ni minazi, mahindi yanayongoja mvua, na ngoma za asili ambazo mtoto anazisikia kabla hajajua kuhesabu. Mtu akifa kuna ngoma, mtu akioa kuna ngoma. Mwanzele ukipigwa hapo, hata aliyechoka anakuta mabega yanajitikisa yenyewe.

Elimu ya wakati huo kwa mtoto Mwafrika ilikuwa ya misheni. Na misheni, ukiacha mambo ya kuhubiri, ilileta kitu kimoja kikubwa: nyimbo za sauti nyingi. Kwaya inakufundisha kuwa sauti yako peke yako haitoshi, kuna nyingine inatembea kando yako, juu kidogo ama chini kidogo, na zote mbili zikikutana vizuri msikizaji anasisimka. Weka hiyo akilini, kwa sababu tutairudia. Ukiskiza santuri za Konde za baadaye, kitu cha kwanza kinachokukamata ni hizo sauti mbili zinazokwenda pamoja kama marafiki wawili kwa njia moja.

Pia kumbuka hali ya nchi. Kenya ilikuwa koloni. Mwanaume Mwafrika akitoka kwao kutafuta kazi, anatembea na kipande shingoni. Kazi zilizokuwa zinamngoja ni za shamba, za bandarini Kilindini, za reli, ama za nyumba ya mzungu. Muziki haukuwa kwenye hiyo list. Hakuna mzazi aliyekuwa anaambia majirani kwa fahari kwamba kijana wake amekuwa mpiga gitaa. Mpiga gitaa alikuwa mtu wa kunywa mnazi na kupoteza muda, basi.

VITA VIKAJA, NA GITAA LIKAVAA UNIFORM

Halafu ikaja Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ikachukua maelfu kwa maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki na kuwaingiza King's African Rifles, ile jeshi wazee wetu walikuwa wanaiita Keya. Wengine walienda kwa hiari kwa sababu ya mshahara, wengine walisukumwa.

Jeshi liligundua jambo ambalo kila DJ analijua: watu wakiwa mbali na nyumbani, wamechoka na wanaogopa, bila muziki wanavunjika. Kwa hivyo kukaundwa kikosi cha burudani, wanajeshi ambao kazi yao ilikuwa kuimba, kupiga vyombo na kuchekesha wenzao. Fundi Konde akaingia humo. Na kikosi hicho kikampeleka mahali ambapo hakuna mtu wa kijiji chao alikuwa ameota: Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, India, na Burma, ambayo leo ni Myanmar.

Usidhani hiyo ilikuwa tour ya raha. Kwanza, safari yenyewe ya bahari. Mwezi wa Februari 1944, meli inayoitwa Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa ikielekea Colombo, imejaa wanajeshi wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo, manowari ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldives. Meli ilizama kwa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Hiyo ndiyo bahari ambayo kijana yeyote wa Keya aliyepelekwa Asia alilazimika kuivuka. Unapanda meli Kilindini na hujui kama utashuka upande wa pili.

Pili, Burma yenyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingizwa kwenye bonde la Kabaw katikati ya mwaka wa 1944, wakati wa mvua za masika ya huko, ambazo zinanyesha kama mtu ameacha mfereji wazi. Matope hadi magotini. Kuhara. Na malaria, manze, malaria ilikuwa adui mkubwa pengine kuliko risasi. Wanajeshi walikuwa wanameza vidonge kila siku, vidonge ambavyo viligeuza ngozi za wengine zikawa za manjano. Mwili ulikuwa unapigana vita vyake, na bunduki vita vyake.

Sasa jiweke kwa viatu vya mwanamuziki katika hali hiyo. Kazi ya kikosi cha burudani ni kuja mbele ya watu ambao jana wamezika wenzao, wengine wanatetemeka kwa homa, wengine wamefungwa bandeji, na uwafanye wacheke. Kwa Kiswahili, kwa sababu Mgiriama, Mkamba, Mluo, Mnyamwezi na Mnyasa waliokuwa pale walihitaji lugha moja ya kukumbuka nyumbani. Hapo ndipo muziki unaacha kuwa hobby. Unakuwa dawa, na wewe mwenyewe ndiye wa kwanza kuhitaji kuimeza.

Wengi waliorudi kutoka vita hivyo walirudi na vidonda, wengine na vidonda ambavyo havionekani. Walipewa asante ndogo wakarudishwa kwa maisha yale yale ya kipande. Konde alirudi na kitu kingine zaidi: masikio yaliyojaa. Alikuwa amekutana na wanamuziki kutoka kila pembe, amesikia vyombo na mitindo ambayo Kilifi ilikuwa haijafikia. Hakurudi kijijini kulima. Aliamua kwamba muziki ndio kazi yake.

NAIROBI, SANTURI, NA LILE GITAA LA UMEME

Kuanzia mwaka wa 1947 hivi hadi katikati ya miaka ya 50, Fundi Konde alikuwa moto. Kuna wasanii wenzake wa wakati huo ambao majina yao unafaa kuyajua, kama Paul Mwachupa na Lucas Tututu, nao pia wakiwa na mtindo huo wa Pwani. Lakini Konde alikuwa kati ya waliong'aa zaidi.

Wakati huo hakuna YouTube, hakuna kaseti hata. Kulikuwa na santuri nzito inayozunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja unabeba kama dakika tatu tu za muziki. Ukiiangusha, imevunjika kama sahani ya kauri. Ili uiskize unahitaji gramafoni, ile ya kuzungusha mkono, na mtu mwenye gramafoni mtaani alikuwa kama mtu mwenye wifi ya bure leo: kila mtu ni rafiki yake jioni.

Konde alirekodi na HMV, lebo ile yenye picha ya mbwa anayeskiza gramafoni. Hiyo ilikuwa kampuni ya kimataifa. Na alifanya kazi na Mwingereza mmoja anayeitwa Peter Colmore, promota mwenye mdomo na connection, ambaye baadaye ndiye aliyewaleta Nairobi mafundi wa gitaa kutoka Congo kama Edouard Massengo na Jean Bosco Mwenda. Colmore alijua kuuza. Konde alijua kupiga.

Ngoma alizoachilia kipindi hicho ni pamoja na Tausi, Jambo Sigara, Kipenzi Waniua-Ua, Mama Sowera na Majengo Siendi Tena. Soma hayo majina tena pole pole. Hiyo si lugha ya kitabu cha shule. Ni lugha ya mtu anayejua mtaa, anayejua mapenzi yanavyouma, anayejua Majengo ni sehemu gani na kwa nini mtu anaweza kuapa kutorudi huko. Na Tausi ni mtindo wa Pwani kabisa: humtaji mpenzi wako kwa jina, unamwita ndege, na mwenye kuelewa ataelewa. Leo mnaita hiyo coded. Wazee walikuwa wanaifanya kabla simu hazijaingia.

Kwa upande wa muziki wenyewe, hebu nikueleze kwa nini wajuzi bado wanamheshimu. Wapiga gitaa wengi wa wakati huo walikuwa wanazunguka kwa kodi tatu. Ni tamu, inatosha kuchezesha watu, hakuna makosa. Konde alikuwa anatoka hapo. Anaingiza kodi ambazo huzitarajii, wimbo unageuka kona kidogo, halafu anakurudisha nyumbani taratibu. Juu ya hizo kodi anaweka zile sauti mbili zilizopangwa, laini kama kitambaa cha leso mpya baada ya kufuliwa mara moja. Ndani yake unasikia rumba iliyotoka Cuba kwa njia ya santuri, unasikia kanisa, na unasikia Pwani.

Na halafu kuna umeme. Wengi wanamtaja Konde kuwa Mkenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini fikiria dansi ya miaka hiyo. Ukumbi umejaa, viatu vinagonga sakafu, ngoma na tarumbeta zinapaza. Gitaa la kawaida linapotea humo kama sauti ya mbu. Mpiga gitaa alikuwa mtu wa kukaa pembeni. Umeme ulimtoa pembeni ukamweka mbele. Kila mpiga gitaa wa Kenya aliyesimama mbele ya jukwaa baadaye, awe wa benga, wa rumba au wa bango la harusi zetu za Pwani, amesimama kwa njia ambayo watu kama Konde waliifyeka.

Haya yote yalikuwa yanafanyika Kenya ikiwa kwenye moto. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Nairobi ikawa mji wa misako, kafyu na waya za miba. Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilisomba maelfu ya watu wa jiji kwa operesheni moja na kuwapeleka kambini. Mwafrika kutembea usiku na gitaa mgongoni ilikuwa shida. Lakini mtu anayetoka kazini na ambaye hajui kesho yake, ile santuri ya dakika tatu ilikuwa pumzi yake. Konde alikuwa ameijua hiyo kazi tangu Burma.

HALAFU KIMYA

Hapa ndipo hadithi inauma, na ndiyo sababu tunakuandikia.

Miaka ya 60 ilipoingia, sauti ilibadilika. Vijana walitaka twist. Fadhili William na wenzake wakashika usukani, gitaa za Congo zikafurika, na studio mpya zikaleta sura mpya. Santuri za 78 zikafa kabisa, zikaja zile ndogo za 45. Mashine za kupigia ngoma za Konde zikawa zinatupwa. Hebu fikiria kila ngoma uliyowahi kutoa iko kwa simu ya aina moja tu, halafu hiyo simu inaacha kutengenezwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Na pesa? Utaratibu wa kawaida wa wakati ule ulikuwa mwanamuziki anaitwa studio, anarekodi, analipwa mkononi mara moja, anaenda. Santuri ikiuza elfu, ikiuza elfu hamsini, wengi hawakuona tofauti. Uliza historia ya Malaika: ngoma iliyoimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M., dunia nzima ikaijua, na bado watu wa Kenya walibaki wakivutana kuhusu nani aliitunga na nani anafaa kula jasho lake. Kizazi kizima kilitengeneza muziki wa nchi bila kujua thamani ya karatasi walizokuwa wanatia sahihi.

Kwa hivyo mtu ambaye alikuwa staa kabla babako azaliwe alizeeka polepole huku ngoma zake zikigeuka kuwa za kila mtu, na jina lake likipungua. Hiyo ni aina ya ugonjwa pia. Haina kidonge. Unasikia wimbo wako kwenye redio ya jirani, na jirani hajui kwamba aliyeutunga ndiye amemkopesha chumvi.

WALIOMKUMBUKA

Lakini mziki mzuri ni kama mbegu ya mbuyu, haina haraka. Them Mushrooms, ile bendi ya Pwani ya ndugu wa familia ya Harrison ambayo mnaijua kwa Jambo Bwana, walikuwa wamekua na hizo nyimbo. Walipokuwa wamefika juu, hawakuchukua ngoma za mzee kimya kimya. Walimwendea, wakafanya kazi naye, wakazirekodi upya kwa vyombo vya kisasa. Ndiyo maana wewe unaijua Tausi. Kizazi cha miaka ya 80 na 90 kilimpokea kupitia mikono ya vijana waliomheshimu.

Halafu mwaka wa 1994, Konde akiwa anatimiza miaka 70, lebo ya RetroAfric ya Uingereza ilikusanya zile rekodi zake za 1947 hadi 1956 ikazitoa kwa CD. Santuri ambazo zilikuwa zimekaribia kupotea zikasikika tena London, Paris, na kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Kilifi. Dunia ikajua kwamba kabla ya benga, kabla ya mambo ya hoteli na watalii, kulikuwa na kijana Mgiriama aliyekuwa anapanga kodi kama fundi wa kweli. Jina halikumdanganya.

Aliaga mwaka wa 2000. Angalau aliondoka akijua amekumbukwa. Si wote walipata hiyo bahati.

SASA WEWE

Usituambie hii ni historia ya wazee, haikuhusu. Inakuhusu sana, na kuna hesabu moja ya kukuonyesha.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inatofautisha vitu viwili ambavyo wasanii wengi wanavichanganya. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na muziki ulioutunga. Na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Rekodi inalindwa kwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Wimbo unalindwa maisha yako yote na miaka 50 zaidi baada ya kufa kwako. Sasa piga hesabu. Rekodi alizofanya Konde miaka ya 40 na 50 miaka yake imeisha. Lakini nyimbo zenyewe, kwa sababu aliaga 2000, ulinzi wake unafika mwisho wa mwaka wa 2050. Ngoma ya kabla ya uhuru bado ni mali ya mtu leo hii. Swali ni mali ya nani, na jibu lake huwa liko kwa karatasi iliyotiwa sahihi siku ile ya studio.

Kwa hivyo kabla producer wako hajakupa beat ya bure na tabasamu, uliza. Uliza wimbo ni wa nani na rekodi ni ya nani. Andika majina ya wote mlioshiriki na asilimia ya kila mtu. Kasajili kazi yako kwa bodi ya hakimiliki, ile KECOBO. Weka nakala za faili zako mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu simu inaibiwa na laptop inaungua. Na ukichukua sampo ya mzee fulani kutoka zilipendwa, fanya kama Them Mushrooms: tafuta mwenyewe ama familia, kaa chini, ongea, lipa.

Na kama kwa sasa unapambana na mwili, ama na stress, ama nyumbani wanakuona mtu wa kupoteza muda, hatukuambii kwamba ukivumilia tu utatoboa. Kuna wengi walivumilia na hawakutoboa. Tunachokuambia ni kile maisha ya huyu mzee yanaonyesha: alipiga muziki akiwa na uniform ya mkoloni, msituni kwenye homa, na jijini kwenye kafyu. Hakungoja hali iwe nzuri. Alichokuwa nacho siku ile ndicho alichokipiga, na alikipiga vizuri kuliko ilivyohitajika. Ndiyo maana miaka zaidi ya sabini baadaye, kuna harusi Watamu ambapo watu bado wanaamka kwa viti.

Leo ukipata bundles, tafuta Majengo Siendi Tena ile ya zamani, yenye mikwaruzo. Vaa earphones. Skiza ile sauti ya pili. Halafu mwambie mtu mmoja ni nani anaimba.